Maiki ya bumu kwa mazungumzo ya filamu: shotigani au haipakadiodi fupi?

Mlingoti aliandika:

Wakuu, habari za leo. Tunajiandaa kupiga filamu yenye mazungumzo mengi. Theluthi mbili ya sini ni ndani ya nyumba ya kawaida: sakafu ya vigae, kuta za plasta, dari ya jipsamu yenye feni, urefu kama mita 2.7. Zilizobaki ni uani na kando ya barabara ya bodaboda, mji wa pwani. Natafuta maiki ya bumu, yaani ya kubebwa kwa fimbo ndefu juu ya mwigizaji. Bajeti inabeba maiki moja ya maana, au mbili za bei nafuu. Nimechuja nikabaki na nne: Sennheiser MKH 416, Rode NTG3, Rode NTG2 (hizi tatu ni shotigani) na Audio-Technica AT4053b (haipakadiodi fupi). Rekoda ni Zoom F3. Naomba mnilinganishie kwa matumizi ya kazini, maana sifa za kwenye boksi nimeshazisoma.

FundiMasikio aliandika:

Mkuu, anza na chumba kabla ya jina la maiki.

Shotigani ina bomba lenye mianya mbele ya kapsuli, ile sehemu inayonasa sauti. Sauti ya ubavuni inaingia kwenye mianya mingi kwa nyakati zinazopishana, ikifika kwenye kapsuli inajifuta yenyewe kwa yenyewe. Kujifuta huko kunategemea urefu wa wimbi ukilinganisha na urefu wa bomba. MKH 416 nzima ina sm 25, na wimbi la sm 25 ni kama Hz 1,360. Chini ya hapo bomba halina kazi kubwa. Maiki inabaki na tabia ya supakadiodi ya kawaida, yaani maiki inayosikia zaidi mbele na kidogo pembeni. Kwa hiyo wanaosema shotigani "inavuta sauti ya mbali" wanakosea. Haivuti chochote, inapunguza tu masafa ya juu (sauti nyembamba) yanayotoka pembeni.

Sasa ipeleke kwenye vigae vyako. Sauti ya mwigizaji inagonga sakafu, ukuta na dari, inarudi kwa maiki kutoka kila upande. Bomba linakata sehemu ya juu ya mwangwi huo na kuacha ya kati na ya chini, tena kwa kiasi kinachobadilika kila mwigizaji anapogeuza kichwa au fimbo inaposogea. Matokeo ni sauti ya kwenye pipa, na hakuna ikwaliza (kirekebishi cha masafa) inayoirudisha, kwa sababu haitulii mahali pamoja.

AT4053b ni haipakadiodi, jamaa ya supakadiodi, isiyo na bomba. Ya pembeni inashuka kwa usawa zaidi, hivyo mwangwi unabaki na rangi ya asili ya chumba na sikio linaukubali. Ndiyo maana kwenye seti kubwa wakiingia ndani wanabadili na kuweka Schoeps CMC 6 yenye kapsuli ya MK 41, au MKH 50, zote supakadiodi fupi. AT4053b ni ya ukoo huo kwa bei ya chini sana, na ina swichi ya kukata chini ya Hz 80 kwenye mwili wake. MKH 416 na NTG3 hazina swichi yoyote.

Kelele ya ndani ya maiki (mvumo wake yenyewe, ndogo ndiyo nzuri), kwa desibeli, dB(A): MKH 416 ni 13, NTG3 ni 13, AT4053b ni 16, NTG2 ni 18. Kwa mazungumzo ya kawaida hiyo 16 haikupi shida. Theluthi mbili ya kazi yako iko ndani. Chukua AT4053b.

Kapteni_XLR aliandika:

Fundi, fizikia yako naikubali yote, uamuzi siukubali. Ndugu yetu ameandika "mji wa pwani" na "barabara ya bodaboda". Hayo mawili yanabadilisha hesabu.

Kondensa ya kawaida, AT4053b ikiwemo, inategemea chaji iliyotulia kwenye kapsuli yenye ukinzani mkubwa sana. Unyevu ukitanda pale, chaji inavuja, na kwenye hedifoni unasikia mlio kama mafuta ya kukaangia, kisha milipuko midogo, kisha maiki inakufa hadi ikauke. MKH 416 na NTG3 zinatumia mfumo wa masafa ya redio: kapsuli iko ndani ya saketi ya ukinzani mdogo, kwa hiyo unyevu hauna pa kuvujisha. Kwa pwani, hasa majira ya mvua, hilo si jambo dogo.

Na kando ya barabara, masafa ya juu ya injini na honi kutoka ubavuni ndiyo hasa bomba linayojua kuyapunguza. Ndani unaweza kutandika mazulia, kutundika mablanketi mazito nje ya fremu na kuupunguza mwangwi. Barabara huwezi kuitundikia blanketi. Kama ni maiki moja tu, nachukua NTG3. Kelele ya ndani ni ileile ya 416, mfumo ni uleule wa redio, bei iko chini. Ukiipokea kumbuka haina betri, inataka umeme wa fantomu (unaopita kwenye waya wa maiki kutoka kwenye rekoda) wa volti 48 muda wote, na F3 inautoa.

FundiMasikio aliandika:

Kapteni, hoja ya unyevu ni ya kweli na nilipaswa kuitaja. Ila unyevu una utaratibu wake. Maiki inalala kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa ipate joto la nje kwanza, la sivyo umande unaganda kwenye kapsuli papo hapo. Na uwe na ya akiba.

Blanketi nazo zina kikomo: zinanyonya masafa ya juu, zinaacha mvumo wa chini na wa kati wa chumba, yaani yaleyale ambayo bomba nalo linayaacha.

Bi_Fremu aliandika:

Kaka zangu, mnabishana desibeli 3 za kelele ya ndani huku desibeli 6 zinapotea mikononi mwa mshika fimbo. Maiki ikitoka sm 40 hadi sm 80 kutoka mdomoni, sauti ya moja kwa moja inashuka kwa desibeli 6, na mwangwi wa chumba unabaki palepale. NTG2 iliyo sm 40 itasikika vizuri kuliko MKH 416 iliyo mita moja na nusu, kwenye chumba hicho chenu, siku yoyote.

Mlingoti, mfundishe mshika fimbo hivi. Kabla ya teki, ashushe maiki taratibu ndani ya fremu mpaka mpiga kamera aseme "naiona". Hapo apandishe shubiri moja, na akumbuke alama ya ukutani iliyo usawa wa maiki. Maiki iwe juu na mbele kidogo ya mwigizaji, ikilenga chini ya kidevu, sehemu ya juu ya kifua. Ikilenga paji la uso unapata sauti kavu isiyo na kifua. Aje kutoka upande usio na taa kuu, vinginevyo kivuli cha fimbo kinapita ukutani na teki inatupwa.

Mikono juu, viwiko vimenyooka kiasi, mmoja karibu na kitako cha fimbo na mwingine mbele kidogo ya mabega. Pete na bangili zivuliwe. Kila kiungo cha fimbo kibakizwe kama sm 10 ndani, kisivutwe mpaka mwisho, maana hapo ndipo kinapocheza na kugonga. Waya usizungushwe kwa kubana sana. Pale mbele kati ya fimbo na maiki acha kitanzi kilegevu. Waya ukivutika, mtikisiko unapita juu ya kile kishikio cha mpira na kuingia moja kwa moja kwenye maiki, na hapo mtu anaanza kuilaumu maiki.

Watu wawili wakizungumza, aizungushe fimbo kwa viganja, asiisogeze. Afuate maneno ya skripti kichwani, ageuze nusu sekunde kabla ya mwingine kuanza. Hapa namuunga mkono Fundi: akichelewa kugeuza, shotigani inamfanya mzungumzaji asikike mfu, wakati haipakadiodi inasamehe.

Mlingoti aliandika:

Asanteni sana, dada Bi_Fremu nimeinakili yote. Maswali mawili. NTG2 mbili, moja kwa kila mwigizaji, si zingeondoa tatizo la kugeuza? Na kwa kuwa F3 inarekodi kwa biti 32 za floti, nisijali kabisa viwango?

Kapteni_XLR aliandika:

NTG2 mbili ni fimbo mbili na washika fimbo wawili chini ya dari ya mita 2.7. Watagongana. Tena mwigizaji A anaingia kwenye maiki ya B akiwa amechelewa milisekunde kadhaa, ukizijumlisha sauti inakuwa na matundu. Na kwenye sini za kunong'ona hiyo 18 ya kelele ya ndani utaisikia ikivuma.

Biti 32 zinakuokoa na mtu aliyepiga kelele ghafla, faili haikatiki. Hazikuokoi na kapsuli iliyozidiwa, upepo, jokofu wala mwangwi. Siku ukitumia rekoda ya biti 24, weka sampuli za kilohezi 48, mazungumzo yacheze karibu na desibeli -20 kwenye mita ya rekoda, vilele visivuke -12.

Usisahau upepo. Sponji nyeusi inayokuja na maiki ni ya ndani tu, fimbo inapotembea. Uani kwenye upepo wa bahari unahitaji kikapu kizima chenye manyoya juu yake, kwa sababu kinachozuia upepo ni ile hewa tulivu inayobaki kati ya kikapu na maiki. Sponji iliyovalishwa manyoya haifiki hapo. Tenga fedha hiyo mapema, pamoja na fimbo ya nyuzi za kaboni ya mita 2.5 hadi 3. Aluminiamu ni nzito, na kila kidole kinachosogea kinasikika.

Mkata_Wimbi aliandika:

Naongeza ya upande wa uhariri. Kila mahali rekodi sauti ya chumba kitupu sekunde 60, maiki ileile, mahali palepale, watu wote wakiwa wamesimama kimya. Bila hiyo kila mkato utasikika.

Mkiweka na maiki ya kifuani, ipate njia yake kwenye rekodi. Bumu ikiwa mbali zaidi kwa sm 34 inachelewa milisekunde moja. Mkizichanganya bila kuzipanga sauti inakonda. Mimi huomba bumu iwe ndiyo sauti kuu na ya kifuani iwe akiba.

Feni izimwe wakati wa teki, na jokofu pia. Weka funguo za gari ndani ya jokofu, hutaondoka ukaliacha limezimwa.

Mlingoti aliandika:

Feni yenyewe inaning'inia kwenye waya uleule wa taa za sebuleni, mwenye nyumba hataki tuiguse. Kuna namna?

Bi_Fremu aliandika:

Uliza kama ina rigyuleta ukutani, ishushwe hadi namba ya chini kabisa. Ikishindikana, tumia pembe ambayo maiki haisikii. Supakadiodi ina uziwi kwenye nyuzi 126 kutoka mbele yake, haipakadiodi kwenye nyuzi 110, na zote zinarudi kusikia kidogo nyuma kabisa, kwenye 180. Maana yake ukiielekeza AT4053b chini wima, mgongo wake unaitazama dari na feni inaingia. Ilaze nyuzi 45, vaa hedifoni, kisha wewe uzunguke polepole upande wa mwigizaji mpaka mvumo uzame. Hapo ndipo pa kusimama. Mengine yamalizwe kwa kuhamisha kochi mbali na feni.

FundiMasikio aliandika:

Na kwa bajeti: nunua AT4053b, kodi 416 au NTG3 kwa siku za nje tu. Zipange siku hizo zifuatane, kodi isiliwe bure. Usichanganye maiki mbili ndani ya sini moja. 416 imenyanyuka masafa ya juu na AT4053b imetulia, kwa hiyo mwigizaji akitoka mlangoni kwenda uani kamilisha sini yote kwa ile uliyoanza nayo, hata kama nusu yake iko nje.