Kikundi cha ukoo: ile filamu ya yule mama wa Alabama, Marekani

Salma: Kwenye filamu mmefika pale kwa keshia? Mama karudisha kuku wa kuchoma, na kadi ina hela!

Shangazi Mwanaidi: Hela imo, mwanangu, ila kadi ya SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali ya Marekani, hailipii chakula cha moto. Kuku mbichi ruksa, hata wa kuchoma akiuzwa baridi kutoka kwenye friji. Wa moto, hapana. Nepi, sabuni na pedi navyo vyataka pesa yake mwenyewe. Ndiyo maana vitu vyake kavipanga mafungu mawili.

Mjomba Hamisi: Mimi nimekwama kwenye gari. Maskini gani ana gari?

Kassim: Shikamoo mjomba. Huko anakoishi basi hakuna. Gari likilala, kazi imekwenda. Alabama haina kima chake cha chini cha mshahara, inafuata cha serikali kuu: dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009. Saa 40 kila wiki, mwaka mzima bila kukosa, ni dola 15,080 kabla ya makato. Alteneta ya gari ikifa ndipo anaingia kwenye ule mkopo wa kusubiri mshahara.

Mjomba Hamisi: Wa dola 300?

Kassim: Huo huo. Ada ni dola 17.50 kwa kila 100, kwa hiyo baada ya wiki mbili anadaiwa 352.50. Ameacha hundi ya tarehe ya mbele. Akaunti ikiwa tupu, hundi inagonga mwamba na benki nayo inamtoza. Akilipa ada tu mara mbili, 105 zimeyeyuka na ile 300 iko palepale.

Mjomba Hamisi: Huo ni unyonyaji mtupu.

Salma: Na kukataa kwake saa za ziada kazini je? Nilidhani uvivu.

Shangazi Mwanaidi: Hata kidogo. Akiongeza dola 100 za mshahara, serikali haihesabu asilimia 20 yake, kisha asilimia 30 ya kinachobaki inapunguzwa kwenye kadi: dola 24. Kodi ya nyumba ikiwa kubwa, hufika 36. Makato ya pensheni na bima ya afya ya uzeeni ni 7.65. Katika mia anabaki na 68 au 56, bado petroli na mlezi wa mtoto. Mapato yakipita asilimia 130 ya mstari wa umaskini, yaani kipato ambacho chini yake serikali humhesabu mtu maskini, kadi yote inaondoka.

Salma: Kumbe! Maskini.

Shangazi Mwanaidi: Sasa itazameni ile bahasha iliyobandikwa kwenye friji. Hiyo ni fomu ya kuhuisha kadi, inarudishwa na hati za mshahara. Tarehe ikipita kadi inafungwa, hata kama mapato hayajabadilika senti.

Mjomba Hamisi: Narudisha nyuma, sikuiona kabisa.