Naomba ushauri: vivuli vya taa vya kitambaa visivyoshika moto kwa urahisi, kwa matumizi ya nyumbani

Mama Nasra (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Tunapanga upya sebule na chumba cha watoto hapa Mbezi, na nimependa taa za mezani zenye vivuli vya kitambaa kwa sababu mwanga wake ni mpole kuliko wa balbu iliyo wazi. Kinachonitia wasiwasi ni moto. Kivuli tulichokuwa nacho kilianza kuonyesha duara la rangi ya kahawia kwa ndani, usawa wa balbu, na ile plastiki ngumu iliyobandikwa nyuma ya kitambaa ikakauka hadi ikawa inapasuka kama ganda la yai ukiigusa. Muuzaji alikuwa ametuhakikishia kwamba kitambaa hicho hakiungui, lakini hakikuwa na lebo wala karatasi yoyote ya kuthibitisha maneno yake.

Watoto wangu hawapendi kulala gizani, kwa hiyo taa ya chumbani kwao huwaka kwa saa nyingi bila mtu mzima kuiangalia. Naomba mnielekeze: ni kitambaa gani kinachostahimili moto kwa kweli, nimuulize nini muuzaji ili nisidanganywe tena, na je, fundi anaweza kunitengenezea kivuli cha kitenge kilicho salama?

Fundi Umeme wa Tabata

Mama Nasra, pole sana. Duara hilo la kahawia ni dalili kwamba kitambaa kilikuwa kikibabuka kidogo kidogo kwa joto la balbu, na umefanya vyema kukiondoa. Ushauri wangu ni kwamba uanze na balbu ndipo uje kwenye kitambaa. Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi mwembamba unaowaka ndani ya kioo, hugeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya umeme kuwa mwanga. Unaobaki karibu wote huwa joto, na kioo chake hupita nyuzi 100 za Selsiasi. Balbu ya LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga unaokaribiana na huo, tena joto lake dogo hukaa zaidi kwenye kitako kuliko sehemu inayotazama kitambaa. Balbu za halojeni zina moto mkali zaidi, na mimi siziweki ndani ya kivuli cha kitambaa hata mteja akisisitiza.

Angalia pia alama iliyo kwenye holda au kwenye kitako cha taa inayoonyesha wati za juu kabisa zinazoruhusiwa. Kwenye boksi la LED utakuta namba mbili, wati halisi na wati za balbu ya zamani inayolinganishwa nayo. Inayohusika na kikomo hicho ni ile ya wati halisi.

Mshona Vivuli

Namuunga mkono fundi, na mimi nitaongezea upande wa kitambaa, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Pamba na kitani, ambavyo ndivyo vinavyotumika zaidi, hushika moto haraka, na hata mwali ukizimika nyuzi zake huweza kuendelea kufuka. Poliesta ya kawaida huyeyuka joto likifika nyuzi 255 hadi 260 za Selsiasi hivi, ikadondosha matone ya moto yanayoganda kwenye ngozi au kwenye zulia, na kwa sababu hiyo siipendi kabisa kwa chumba cha watoto. Sufu ni ngumu kuwaka kwa asili yake. Huhitaji joto la karibu nyuzi 600, na mara nyingi hujizima ukiondoa mwali. Kitambaa cha nyuzi za kioo hakiungui, ila upatikanaji wake madukani ni wa shida na nyuzi zake huwasha ngozi wakati wa kukata.

Ukipata kipande cha kitambaa kabla ya kununua, kijaribu. Kata ukanda mwembamba, toka nje, ushike kwa koleo juu ya bati lenye mchanga, uwashe ncha kwa kiberiti kisha uondoe mwali. Pamba itaendelea kuwaka na kunuka kama karatasi, ikaacha majivu laini. Poliesta itajikunja, itadondosha, na itaacha punje nyeusi ngumu. Kitambaa kilichotengenezwa kustahimili moto kitazimika chenyewe muda mfupi baada ya kuondoa kiberiti, na hicho ndicho kipimo cha kwanza, maana kitambaa kinachostahimili moto nacho huungua kikishikiliwa ndani ya mwali. Muuzaji anayesema chake hakiungui kabisa amesema zaidi ya anachokijua.

Msomaji wa Hamburg

Salaam kutoka Ujerumani, dada. Huku vitambaa vya mapazia ya hoteli na kumbi huuzwa vikiwa na daraja la B1 kwa mujibu wa kiwango cha DIN 4102, yaani vigumu kuwaka. Ufaransa wana M1, na Marekani mapazia hupimwa kwa kiwango kiitwacho NFPA 701. Nakushauri umuulize muuzaji cheti chenye jina la kiwango na namba yake. Kisha uliza swali la pili, ambalo wengi hulisahau: je, ukinzani huo umo ndani ya uzi wenyewe, au kitambaa kimepakwa dawa baada ya kufumwa? Ipo poliesta, kwa mfano Trevira CS, ambayo ukinzani wake umo ndani ya uzi, hivyo haupotei kwa kufuliwa. Kama una ndugu anayekuja likizo, mita moja ya kitambaa cha pazia cha namna hiyo inatosha kivuli cha taa ya mezani na huenda ikabaki.

Mama Nasra

Nawashukuru sana. Kitenge bado nakitamani, kwa kuwa nguo za sebule nzima ni za rangi hizo. Nimesikia kwamba kinaweza kuchovywa kwenye maji ya boraksi, ile chumvi nyeupe ya unga, ili kisishike moto. Je, njia hiyo ni salama?

Mwalimu wa Kemia

Njia hiyo ina historia ndefu, Mama Nasra. Mnamo 1821 mwanakemia Mfaransa Joseph Louis Gay-Lussac alionyesha kwamba chumvi za amonia pamoja na boraksi huzuia vitambaa kushika moto. Hata hivyo, chumvi hizo huyeyuka katika maji, kwa hiyo ukifua kivuli, au ukikifuta mara kwa mara kwa kitambaa kibichi, kinga inaondoka bila wewe kuona tofauti yoyote kwa macho. Zaidi ya hapo, boraksi imeainishwa na Umoja wa Ulaya kuwa inaweza kudhuru uzazi, na mimi nisingeiweka mahali ambapo mtoto anaweza kushika kitambaa kisha akatia mkono mdomoni. Kwa sebule ningeifikiria. Kwa chumba cha watoto, hapana.

Mshona Vivuli

Kwa kitenge cha sebuleni, fanya hivi. Mwagize fundi abandike kitenge juu ya plastiki ya PVC ya vivuli vya taa iliyothibitishwa kujizima, si plastiki yoyote ya kufungia madaftari. Kivuli kiwe kipana, kiwe wazi juu na chini ili hewa ya moto ipande na kutoka, na balbu iwe katikati kabisa.

Hapo kwenye katikati ndipo watu wengi wanapokosea. Pete ya ndani ya kivuli inayokaa kwenye holda ya pini ina upana wa milimita 29 hivi, na ile ya holda ya skrubu hupita milimita 40. Ukiweka pete kubwa kwenye holda ndogo, kivuli huinama upande mmoja hadi kitambaa kikagusa balbu. Peleka holda yako kwa fundi apime kabla hajaanza kukata.

Fundi Umeme wa Tabata

Kikishatengenezwa, iwashe taa kwa saa nzima ukiwa nyumbani, halafu weka kiganja juu ya kitambaa, sehemu iliyo karibu zaidi na balbu. Ukishindwa kukiacha hapo kwa utulivu, punguza wati au tafuta kivuli kikubwa zaidi. Kwa watoto, LED ya wati 3 inawatosha kabisa usiku. Taa yao ikae mbali na chandarua na pazia, kwa sababu chandarua kikipeperushwa na feni kinaweza kuifikia balbu kupitia uwazi wa juu.

Mama Nasra

Nimewaelewa. Chumba cha watoto nitatafuta sufu nyeupe na LED ya wati 3, na sebuleni kitenge juu ya PVC yenye cheti. Holda nitaipeleka kwa fundi Jumamosi.