Mbwa wangu anaogopa mno kwa daktari wa mifugo: nimsaidieje?

Mwenye Tunu

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu mbwa wangu jike anayeitwa Tunu, mwenye umri wa miaka 4. Nyumbani ni mtulivu kiasi kwamba wageni humsahau kama yupo, lakini tukifika mlangoni pa kliniki hubadilika kabisa: hufyata mkia, hujilaza chini na kugoma kutembea, na tukishaingia ndani hutetemeka na kuhema kwa kasi ilhali hakuna joto wala hakukimbia. Akipandishwa kwenye meza ya uchunguzi, nyayo zake huacha alama za unyevu juu ya bati, na kipande cha nyama ambacho nyumbani angekirukia hukiacha kidondoke mdomoni. Safari iliyopita wasaidizi walilazimika kumbana ili achomwe sindano, naye akanguruma, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Daktari aliniambia kwamba mapigo ya moyo yalikuwa juu mno hata ikawa vigumu kuamua kama ni hofu tu au kuna ugonjwa.

Chanjo yake ya mwaka inakaribia, na makucha yake nayo yamekuwa marefu. Wapo wanaonishauri nimshike kwa nguvu ili mambo yaishe haraka, na wapo wanaonikataza kumbembeleza kwa madai kwamba nitaikuza hofu yake. Ningependa kujua ni lipi lililo sahihi, na kama dawa za kumtuliza ni salama au zinaficha tatizo tu.

Mkufunzi wa Mbwa

Pole sana, Mwenye Tunu, na ninakushukuru kwa kutueleza kwa makini, kwa sababu hayo uliyoyaona ndiyo yanayotuonyesha pa kuanzia. Alama za unyevu mezani ni jasho: mbwa hutokwa na jasho kwenye nyayo, na akiogopa nyayo hulowa hata siku ya baridi. Kuangusha nyama nako kuna maana, kwani mwili uliojaa hofu huacha habari ya kula. Kwa hiyo chakula ndicho kipimo bora ulicho nacho. Mbwa anayeendelea kula kwa utaratibu bado anaweza kujifunza. Akianza kunyakua kwa pupa hadi meno yakakugusa vidole, hofu imeanza kupanda. Akikataa kabisa, mmeshavuka kiwango anachokimudu, na linalofaa ni kurudi nyuma, si kumsihi ale. Hata kabla ya hapo huwa ametoa dalili ndogondogo: hulamba midomo bila chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana pembeni, hujikung'uta kana kwamba ametoka majini. Kunguruma huja baada ya dalili hizo kupuuzwa. Usimwadhibu kwa kunguruma, maana mbwa anayekatazwa kunguruma hubaki na hofu ileile, ila siku nyingine huuma bila kuonya.

Kumbana kwa nguvu kunaweza kumaliza sindano ya leo, lakini humthibitishia mbwa kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, na safari ifuatayo huanza na hofu iliyo kubwa zaidi. Ninachokushauri ni kuacha kuitazama kliniki kama kitu kimoja. Kwa Tunu ni mfululizo wa mambo: gari, harufu ya dawa za kuulia vijidudu, sakafu inayoteleza, mizani inayotikisika, mbwa wengine wanaobweka, mtu mgeni anayemwinamia, mkono unaoshika mguu na kutouachia. Mengi kati ya hayo yanaweza kufundishwa nyumbani, moja baada ya jingine, mahali ambapo hana hofu.

Chukua mguu kama mfano. Gusa bega lake kwa sekunde moja, ondoa mkono, kisha ndipo utoe kipande cha nyama. Mpangilio huo una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwanasayansi wa Urusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake kuhusu mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kudondosha mate kwa ishara inayotangulia chakula. Ishara lazima itangulie. Ukitoa nyama kwanza ndipo ushike mguu, baada ya siku chache nyama yenyewe itakuwa onyo, na Tunu ataikimbia. Akishakuwa anakutazama kwa matumaini kila unapogusa bega, shuka hadi kiwiko, kisha kifundo, kisha nyayo, kisha bonyeza ukucha mmoja kwa upole. Kikata kucha kiletwe baadaye, kwanza kikiwa kimelala sakafuni tu. Kwa sindano, zoea kuvuta kidogo ngozi ya shingoni, halafu gusa hapo kwa kalamu iliyofunikwa, halafu paka pamba yenye spiriti ili harufu isiwe ngeni. Dakika 3 hadi 5 kwa mara moja zinatosha, na acheni wakati yeye bado anataka kuendelea.

Lipo zoezi moja ninalolithamini kuliko yote, nalo ni kumfundisha aegeshe kidevu juu ya taulo lililokunjwa. Kidevu kikiwa hapo, unaendelea kumgusa. Akikiinua, unaacha papo hapo bila kumlaumu. Mkufunzi Chirag Patel wa Uingereza amelisambaza wazo la aina hiyo kupitia mchezo wa ndoo, ambapo mbwa hutazama ndoo yenye chakula kama ishara kwamba yuko tayari, na akiacha kuitazama mtu husimama. Mbwa anayejua kwamba ana njia ya kusema "ngoja" huvumilia mengi sana, kwa kuwa hana tena sababu ya kupigania njia ya kutoka.

Mafunzo hayo yafanyieni juu ya mkeka mmoja usioteleza, kisha mkeka huohuo uende nao kliniki, utandikwe juu ya mizani na mahali atakapochunguzwa. Omba pia ruhusa ya kupita hapo siku ambazo hana matibabu: mwingie mapokezi, ale vipande vichache, mwondoke. Ikiwa mlangoni hali, basi zoezi la siku hiyo ni barabarani, umbali ambao bado anakula.

Mfugaji Mkongwe

Nakubaliana na mkufunzi kwa sehemu kubwa, ila kuhusu kubembeleza nina mawazo tofauti kidogo. Katika miaka yangu ya kufuga nimeona wenye mbwa wengi ambao hofu yao wenyewe huwatangulia: wanaivuta kamba mpaka inakaza, wanamkumbatia mbwa shingoni, na wanarudia "pole, pole" kwa sauti inayotetemeka. Mbwa husoma mwili wa mwenyewe haraka sana. Kwa sababu hiyo mimi huona ni heri kukaa kimya, kupumua taratibu na kuilegeza kamba.

Jambo jingine ni chumba cha kusubiri, ambacho kwa maoni yangu huharibu zaidi kuliko sindano yenyewe. Omba miadi ya kwanza kabisa ya siku, wakati ambapo wanyama wengine hawajafika, na msubiri nje au ndani ya gari hadi muitwe. Kama kuna mlango wa pembeni, uliza kama mnaweza kuutumia.

Daktari wa Mifugo

Nianze na suala la kubembeleza, kwa kuwa limewatesa wenye mbwa wengi bila sababu. Hofu ni hisia, wala si tendo ambalo mbwa hulichagua ili apate malipo, kwa hiyo kumfariji hakumfundishi kuogopa zaidi. Aliyosema Mfugaji Mkongwe kuhusu sauti inayotetemeka na kamba iliyokazwa ni kweli kabisa, lakini tiba yake ni faraja iliyo tulivu, si kumnyima mbwa faraja. Mpapase kifuani au begani kwa muda mfupi, kisha ondoa mkono umwangalie: akikusogelea, anataka uendelee, akigeuka au akikakamaa, kaa karibu naye tu.

Sisi madaktari nasi tunahitaji atulie kwa sababu za kitabibu. Joto la kawaida la mbwa ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, na hofu pamoja na kuhema huweza kulipandisha juu ya hapo. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu nayo hupanda, na misuli iliyokakamaa huficha maumivu ya tumbo au ya viungo. Ndiyo maana daktari wako alishindwa kuamua. Ningependa pia ukumbuke hofu hii ilianza lini. Mbwa aliyekuwa akivumilia kuguswa kisha ghafla akaanza kunguruma anaweza kuwa na sikio lenye maambukizi, jino bovu au kiungo kinachouma, na hakuna mafunzo yatakayofaulu iwapo kila mguso unamuumiza.

Piga simu kabla ya siku yenyewe na useme wazi kwamba Tunu anaogopa. Hilo humpa daktari nafasi ya kupanga muda mrefu zaidi, nawe unaweza kuomba mambo mahususi: achunguzwe sakafuni badala ya mezani, daktari achuchumae ubavuni mwake badala ya kumwinamia uso kwa uso, yale yasiyosumbua yatangulie na kipimajoto kiwe cha mwisho, na sindano iliyotumika kuvuta dawa kwenye chupa ibadilishwe kabla ya kumchoma, kwa kuwa ncha yake huwa imeshapungua ukali kwa kupenya kizibo cha mpira. Yote hayo ni ya kawaida, na hupaswi kuona haya kuyaomba. Vilevile jiulizeni pamoja ni lipi lazima lifanyike siku hiyo. Chanjo isipitwe na wakati, lakini makucha yanaweza kusubiri siku nyingine, ukucha mmoja mmoja, isipokuwa kama yameanza kujikunja na kuchoma nyayo.

Kuhusu dawa, hazifichi tatizo zikitumiwa ipasavyo. Mbwa aliye katika hofu kali hajifunzi chochote isipokuwa hofu, na dawa inayoishusha huwezesha mafunzo yaingie. Zinazotumika mara nyingi kwa safari za kliniki ni gabapentini na trazodoni, zinazotolewa nyumbani kwa mdomo takriban saa 2 kabla ya miadi, kwa kipimo ambacho daktari amekikadiria kwa uzito na afya ya mbwa huyo. Dawa ya asepromazini ikitolewa peke yake siipendekezi kwa mbwa mwenye hofu, kwa sababu huulegeza mwili ilhali mbwa anaendelea kuogopa akiwa hana nguvu za kulionyesha hilo. Tafadhali usimpe dawa yoyote ya binadamu kwa kubahatisha. Ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumdhuru vibaya mbwa, na baadhi ya dawa za maji huwa na zailitoli, sukari mbadala ambayo kwake ni sumu.

Mwenye Tunu

Ninawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimefuatilia sana hili la mpangilio wa kugusa kwanza na kulisha baadaye, na jana Tunu aliniruhusu kumgusa kifundo cha mguu bila kuuondoa. Yamebaki mambo mawili yanayonisumbua. La kwanza, chanjo itafika kabla mafunzo hayajakamilika. Je, safari hiyo moja haitabomoa yote niliyoyajenga? La pili, msaidizi wa kliniki alipendekeza Tunu afungwe mdomo, nami nimeona ni ukatili kumfanyia hivyo mbwa ambaye tayari ana hofu.

Mkufunzi wa Mbwa

Nianze na mdomo. Kinachokufanya uone ukatili huenda ni ule mkanda wa kitambaa unaobana taya zikakutana, nao kweli haufai kwa mbwa anayehema, kwa kuwa mbwa hupunguza joto la mwili kwa kuhema na mkanda huo humzuia. Kipo kifaa kingine chenye umbo la kikapu ambacho humwacha afungue mdomo, aheme, anywe maji na apokee chakula kupitia matundu. Kilete nyumbani mapema. Paka chakula laini ndani yake, umwache aingize pua mwenyewe na kuitoa anavyotaka, na usifunge mkanda wa nyuma mpaka awe anaingiza pua kwa hamu kila anapokiona. Mbwa aliyezoeshwa hivyo huchunguzwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa wanaomshika hawana woga na mikono yao haimkazi.

Ili safari ya chanjo isiharibu mafunzo, itenganishe nayo kadiri inavyowezekana. Usimwombe aegeshe kidevu kwenye taulo siku hiyo, maana hutaweza kumwahidi kwamba akikiinua kila mtu ataacha, na zoezi hilo lina thamani mradi tu ahadi hiyo haijavunjwa. Mwache ale mfululizo, sindano ichomwe upesi, kisha mtoke. Akikataa kula, mwambie daktari hapohapo, mkubaliane kama mnaendelea au mnaahirisha.

Daktari wa Mifugo

Naongeza moja kuhusu dawa, kwa kuwa miadi imekaribia. Usiisubiri siku ya chanjo ili umpe kwa mara ya kwanza. Mwombe daktari wako akupe kiasi cha kujaribia, umpe Tunu nyumbani siku ambayo hamtoki, kisha uandike ilianza kufanya kazi baada ya muda gani, iliisha lini, na kama alipepesuka, alitapika au alihangaika badala ya kutulia. Wapo mbwa wachache ambao dawa hizi huwachangamsha, na ni afadhali uligundue hilo mkiwa nyumbani. Mpelekee daktari maandishi hayo ili arekebishe kipimo. Uliza pia kama anaruhusiwa kula siku hiyo: kwa chanjo ya kawaida chakula huwa hakina kizuizi, lakini ikiwa mtaamua alazwe usingizi ili makucha yakatwe na masikio yachunguzwe kwa mara moja, kliniki itakupa saa za kumzuia asile, na hapo vile vipande vya nyama vibaki nyumbani.