Mrejesho: mpwa wangu, bweni la Cambridge na makasia

Wakuu, niliuliza kama mpwa wangu, aliyepata nafasi Cambridge, atakuwa salama bwenini, na kama ajiunge na timu ya makasia. Mlionijibu, asanteni.

Bweni halina shida kubwa. Koleji yake ina mabawabu langoni usiku na mchana, na si walinzi wa kusinzia na rungu: wanapokea vifurushi, wanawajua wanafunzi kwa majina, ukijifungia nje unawaendea wao. Udhaifu uko kwa wanafunzi wenyewe. Mtu anafungua kwa kadi, kisha kwa adabu tu anamshikia mlango asiyemfahamu. Binti sasa hufunga chumba hata akienda kuchemsha chai. Na baiskeli, aliyesema hapa kwamba kufuli la bei rahisi ni sadaka kwa wezi alisema kweli.

Makasia ndiyo yamemteka. Mto Cam ni mwembamba, mashua haziwezi kushindana sambamba. Basi zinapangwa foleni, zikiachana kwa urefu wa mashua moja na nusu. Mzinga ukilia, unamkimbiza aliye mbele hadi umguse. Ukimgusa, kesho yake mnabadilishana nafasi. Mashindano ya namna hiyo yaitwayo "ya Mei" hufanyika Juni, mitihani ikishapita. Mazoezi ni alfajiri kwenye baridi kali, dada yangu analalamika kila akipiga simu. Kwa umbo lake dogo wamempa usukani: wanane wanavuta, yeye anawafokea, kazi aliyoizoea tangu utotoni.

Kuogelea alipimwa kwanza, kwa hiyo yule aliyehofia atazama apumzike.