Jino moja tu, walijuaje huyu mnyama katoweka?

mchoraji_iringa: Wakuu habari za jioni. Nimekutana na mchoro wa gego la mastodoni (mnyama wa kale anayefanana na tembo) wa enzi zile kabla ya kamera, jino limechorwa mara mbili, moja kwa juu pale panapotafuna na lingine kwa ubavu mizizi inaonekana. Hao watu waliwezaje kusema kwa jino tu kwamba huyu ni mnyama mwingine kabisa na hayupo tena duniani? Na mchoraji akikosea si wote wanapotea? Anayejua atiririke tafadhali.

Mzee wa Visukuku: Mkuu, huo upande wa juu ndo wenye habari yote. Gego la tembo ni vibamba vyembamba vya enameli (lile ganda gumu la jino) vimesimama vimebanwa pamoja, likishalika unaona mistari inakatiza jino. Tembo wetu wa Afrika mistari inatanuka katikati inakuwa kama vialmasi, wa Asia ni utepe mwembamba tu, mamothi (jamaa wa tembo aliyetoweka) ndo imebanana zaidi, gego lake la mwisho linaweza kufika vibamba zaidi ya 20. Sasa mastodoni hana hivyo vibamba kabisa, ana vinundu vikubwa vimepangana viwili viwili. Ndo maana mwaka 1768 daktari William Hunter wa London alipoyaona meno ya Big Bone Lick, bonde la mto Ohio kule Marekani, akasema huyu alikuwa anakula nyama. Hapo alikosea, alikuwa mla matawi na majani, ila kwamba si tembo alipatia. Kisha 1796 Cuvier, mtaalamu wa maumbile ya wanyama pale Paris, akalinganisha mataya na magego akasema wazi mamothi si tembo wa Asia wala wa Afrika, na ametoweka. Ilikuwa ngumu kumeza, hata Thomas Jefferson, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliamini hao wanyama bado wanaishi huko magharibi mwa Marekani ambako hakujafikiwa.

Binti Pangani: Naomba niongeze jambo ambalo huwa linarukwa. Miaka ya 1720 huko Stono, South Carolina, yalichimbuliwa magego makubwa ya jamii ya mamothi. Mark Catesby, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji wa mimea na wanyama, aliandika kwenye kitabu chake (sehemu hiyo ilitoka 1743) kwamba Waafrika wote wazaliwa wa Afrika walioyaona walisema kwa kauli moja haya ni magego ya tembo. Watu walioletwa kule utumwani!! Miaka zaidi ya 50 kabla ya Cuvier, hawana kabati la mifupa wala mchoro wa kulinganishia, wanamjua tembo kwa macho yao. Majina yao hayakuandikwa na hiyo inaniuma sana.

fundi_chapa: Kuhusu mchoraji kukosea, kuna mtego. Picha zile zilichongwa kwenye bamba la shaba, ukipaka wino ukagandamiza karatasi inatoka imegeuka, kushoto kunakuwa kulia. Mchongaji asipoigeuza mwenyewe mapema basi gego la kushoto linaonekana la kulia na hakuna mstari hata mmoja alioukosea. Kwahiyo soma kwanza maelezo ya picha. Cuvier baadhi ya mabamba aliyachonga kwa mkono wake, na naona alifanya vizuri, anayejua taya ndo achonge taya. Halafu kuna Kaup, mtaalamu wa visukuku wa Ujerumani, 1829 alipata taya la chini la dinotheri (mnyama mwingine wa kale anayefanana na tembo) kutoka Eppelsheim akaliweka pembe zinaangalia juu, baadae ndo akaligeuza maana zile pembe zinashuka chini.

mchoraji_iringa: Aisee asanteni sana. Huyo dinotheri si ndo nasikia alikuwepo hata Olduvai?

Mzee wa Visukuku: Ndiyo, ndugu yake alikuwepo hapo hapo kwetu, na upande wa Kenya aliendelea kuishi mpaka kama miaka milioni moja iliyopita. Magego yake mengi yana matuta mawili tu yanayokatiza jino, moja ndo lina matatu. Ukija kulichora weka taa chini upande wa kushoto karibu na usawa wa meza, matuta yatatupa kivuli utayaona vizuri, ukimulika kwa juu jino linaonekana bapa na mikwaruzo yote inapotea. Ukimaliza tuwekee hapa tuone mkuu.