Toyota IST inagonga mbele kushoto: nijitengenezee mwenyewe au nimwachie fundi?

MamaWawili_Goba
Wakuu, habari za Jumapili. Nina IST ya mwaka 2004. Wiki ya tatu hii mbele kushoto inagonga, ko-ko-ko, hasa nikipita kwenye rasta (vile vituta vidogo vidogo vya barabarani) au nikiingia kile kipande cha vumbi cha kwenda nyumbani. Kwenye lami nzuri kimya kabisa.

Fundi wa mtaani aliingia chini ya gari dakika tano tu, akatoka na orodha: shokapu mbili za mbele, bushi za wishiboni (mipira ya ule mkono wa chini unaoshika gurudumu), boljoint (kiungo cha mwisho wa mkono huo), stabilaiza linki. "Tubadilishe zote dada, tumalize kesi." Laki nne na nusu, spea analeta yeye.

Sasa shokapu hizo hizo zilibadilishwa mwaka jana na fundi mwingine! Nilikuwa kazini, jioni nikakabidhiwa gari limeoshwa vizuri. Shokapu za zamani sikuonyeshwa. Na huyu wa sasa anasema zilizomo ni za siku nyingi. Ndiyo nikawaza, mdogo wangu ana boksi la spana, video mtandaoni zimejaa, kwa nini nisifanye mwenyewe?

Kichwa_Ngumu
Mkuu acha ubahili, peleka gereji. Mwanaume mzima unataka kulala chini ya IST?

MamaWawili_Goba
Mkuu, soma jina.

Kichwa_Ngumu
Samahani dada. Ubahili uko palepale lakini.

Spana17
Dada, mimi nimesomea makenika VETA Chang'ombe na bado nachafuka mikono hadi leo, kwa hiyo nisikilize. Kabla hujanunua chochote, jua kinachogonga ni nini. Kujua hakuhitaji fundi.

Simama mbele ya gari, kandamiza kona moja kwa uzito wako wote, uachie. Shokapu nzima inapanda na kutulia. Ikiendelea kucheza kama mtumbwi, imekwisha. Fanya kona zote mbili, ulinganishe. Kisha chungulia mwili wa shokapu: ukikuta umelowa oili na vumbi limegandia, imevuja.

Halafu nyanyua tairi, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni boljoint au bearing. Shika kushoto na kulia: likicheza huko tu, angalia tairodi endi, kile kiungo cha usukani kwenye gurudumu.

Linki sasa, kile kifimbo kifupi kinachounganisha fimbo ya stabilaiza na upande wa gurudumu, hapa ndipo wengi wanakosea. Ukinyanyua tairi moja tu, ile fimbo ya stabilaiza inajipinda na kuivuta linki, kwa hiyo hata iliyokufa utaiona imekaza. Ipime magurudumu yote mawili yakiwa chini, au yote mawili yakiwa juu. Ishike kwa mkono, itikise. Mlio wa ko-ko-ko kwenye rasta kwa mwendo wa taratibu, mimi ningeanzia hapo.

Kubadilisha linki unaweza mwenyewe. Nati mbili kila upande. Nati ikizunguka pamoja na msumari wake, ushike msumari kwa spana ya L katikati huku unafungua. Shokapu niachie mimi au mwenzangu.

Kigamboni_Chumvi
Naunga mkono hapo kwenye shokapu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Ile nati ya katikati juu ya shokapu usiiguse kama springi haijafungwa kwa kibanio chake, kamba na waya hapana. Nilimwona jirani akijaribu na waya wa kufungia nondo. Springi ilipita juu ya ukuta, ikatua kwa watu. Mungu alikuwa naye siku ile.

Bushi nilifanya mwenyewe nikajiona bingwa. Miezi minne, zimechanika. Kumbe nilikaza bolti magurudumu yakining'inia. Mpira wa bushi umeshikana na bomba lake la chuma. Ukikaza hivyo, gari likishuka mpira unakaa umejisokota muda wote. Unaweka bolti, unashusha gari likae kwa uzito wake, ndipo unakaza mwisho. Mafundi wengi nao hawafanyi hivyo, ndiyo maana unaambiwa "bushi za siku hizi feki".

Na huku kwetu upepo wa bahari umekula kutu kila nati. Pulizia dawa ya kutu tangu usiku.

Mhasibu_wa_Ilala
Tupige hesabu basi. Mara ya mwisho kubadilishiwa shokapu mbili nililipa ufundi 40,000. Stendi mbili za kushikilia gari likiwa juu na kibanio cha springi vinakutoa zaidi ya hapo, na utavitumia mara moja kwa miaka mitatu. Ufundi Bongo ni bei ndogo, unapigwa kwenye spea. Nenda mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, chukua namba ya chesisi na ikiwezekana kifaa cha zamani mkononi, maana IST zipo za injini na mifumo tofauti. Ukirudi, kaa na fundi mpaka amalize. Vya zamani ondoka navyo.

Spana17
Nisisahau: jeki ya kwenye buti ni ya kubadilishia tairi tu. Usiingize hata kichwa chini ya gari kama halijakaa kwenye stendi. Na ukigusa shokapu au tairodi, lazima alaimenti (kunyoosha magurudumu) baadaye, la sivyo tairi litaliwa upande mmoja.

MamaWawili_Goba
Mrejesho wadau. Jumamosi tuliazima stendi, tukapandisha mbele yote. Linki ya kushoto mpira wake umepasuka, msumari unacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nimenunua mbili, tumefunga na mdogo wangu. Nati moja ilitutoa jasho saa nzima. Leo nimepita rasta zote, kimya!

Boljoint hazichezi. Bushi zina nyufa ndogo ila zimeshika.

Nikakandamiza kona kama ulivyosema. Kushoto inatulia. Kulia inacheza tu. Nikachungulia na tochi: ya kushoto nyeusi, safi, lebo bado ipo. Ya kulia imelowa oili, na kutu yake ni ya umri wangu.

Wakuu, yule wa mwaka jana alibadilisha MOJA. Nililipia mbili.

Kichwa_Ngumu
Daah. Na gari akaliosha.

Spana17
Pole sana dada. Shokapu zinakwenda kwa jozi, kwa hiyo usinunue ya kulia peke yake, gari litakuwa linakanyaga tofauti kila upande. Nunua mbili, uje na kiti chako. Ya kushoto hifadhi stoo, bado nzima hiyo.

MamaWawili_Goba
Kiti kipo. Nakuja inbox.