Mjadala: Je, tozo ya mafuta inaweza kuondoa moshi wa magari Dar es Salaam?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, mabishano huwa yale yale. Wapo wanaosema tozo zimemlemea mwananchi, na wapo wanaojibu kwamba mafuta yakiwa ghali magari yatapungua barabarani na hewa ya jiji itapata nafuu. Naomba tujadili hoja hii ya pili, kwa kuwa naona inaibebesha tozo kazi isiyoiweza.

Tuanze na kile inachokiweza. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, na lita ya dizeli takriban kilo 2.7, liwe gari jipya au kuukuu. Kwa hiyo anayetaka kutoza hewa ukaa akitoza lita hajakosea. Masizi, yaani chembe zile nyeusi zinazoingia mapafuni, hayafuati lita. Coaster (basi dogo la abiria) mbili za njia moja zinaweza kumaliza mafuta sawa kwa siku, moja ikiwa na nozeli (vipuliza mafuta vya injini) zilizosafishwa na chujio safi la hewa, nyingine ikiwa haijaonana na fundi wa pampu kwa muda mrefu, na tofauti ya moshi wake ikaonekana kwa macho. Simama Barabara ya Morogoro, pale magari yanapopanda kutoka Ubungo kuelekea Kimara, uangalie Coaster iliyosheheni abiria dereva anapokanyaga mafuta: wingu jeusi linatoka ubavuni, na bodaboda walio nyuma yake wanavuta kola hadi puani. Mafuta yenyewe si ya kulaumiwa sana, maana tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kinataka salfa ya dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni. Kilichobaki ni injini na matunzo yake.

Hapo ndipo naona tulipoteza kitu mwaka 2017. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake ikaongeza Sh40 kwa kila lita ya mafuta. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi, maana hata mwenye gari bovu lililolala juu ya mawe alikuwa anadaiwa. Hata hivyo, pamoja na ada ile iliondoka fursa ya serikali kumtoza mmiliki kila mwaka kulingana na hali ya gari lake. Leo gari lililotumika nje hukaguliwa chini ya TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya kuingia nchini, na likiwa limezidi miaka 8 hutozwa ushuru wa ziada. Baada ya hapo linaweza kutembea miaka 20 mingine bila kodi yoyote kulitofautisha na lililo safi. Tozo zilizofuata, Sh100 kwa lita mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na Sh100 nyingine mwaka 2023 kwa miradi ya kimkakati, hazikutungwa kwa ajili ya moshi, na sioni sababu ya kuzipamba kana kwamba zilitungwa hivyo.

Lipo pia suala la daladala, ambalo watetezi wa tozo hulipita haraka mno. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na haipandi kila mafuta yanapopanda. Mwaka 2022, petroli ilipovuka Sh3,000 kwa lita, serikali ililazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi wa Juni. Dereva anayedaiwa hesabu, yaani fedha ya siku, na tajiri mwenye gari kila jioni hawezi kupunguza lita, kwa sababu bila lita hakuna safari. Anachoweza kuahirisha ni sevisi. Kwa maoni yangu, basi, tozo ikipanda nauli ikiwa palepale, moshi wa magari yanayobeba watu wengi zaidi unaweza kuongezeka.

Wengine watasema tuige Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Zuio la bandarini halimgusi aliyekwisha kuingia, na magari yanayotoa moshi mwingi yako tayari barabarani. Kuhusu magari kutumia gesi asilia badala ya petroli au dizeli, ningelitia moyo, lakini bajeti ya 2024/25 ilipendekeza tozo ya Sh382 kwa kila kilo ya gesi inayotumika kwenye magari, jambo linaloonyesha kwamba hesabu inayotangulia ni ya mapato ya barabara.

Pendekezo langu ni kwamba tozo ibaki kwa kazi ya barabara, na moshi upimwe peke yake. Tuanze na mabasi na malori ya biashara ya dizeli, ambayo tayari yanahitaji leseni ya LATRA: yapimwe kwa kipima moshi kabla ya leseni kuhuishwa, na ada ifuate kipimo, hivyo kwamba mwenye gari safi alipe kidogo. Najua pingamizi la kwanza litakuwa rushwa, kwamba cheti kitanunuliwa gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Ni pingamizi zito, na ningependa waliowahi kusimamia ukaguzi wa magari waseme lingezuiwaje. Kwa wanaoamini kwamba kupandisha tozo kunatosha, nawaomba wanieleze ni kwa njia gani bei ya lita itaitofautisha Coaster ya kwanza na ya pili.